Hesi ya Kushoto

Mashine ilitoka kambi ya mkonge, Pongwe,
juu ya trekta, imefunikwa gunia,
kutu imeila masikio.
Baba aliinunua kwa bei ya chuma chakavu,
akafa kabla hajaitafutia mkanda.

Mimi ndiye niliyeing'oa mikono.
Usukani, nje.
Gia kumi na nne za kubadilishia hesi, tatu zina mapengo,
nikazipanga dirishani kama vikombe vya wageni.
Mahali pake nikafunga mota mbili ndogo,
ubao aliouunga Shekiondo wa redio,
na kompyuta iliyokuwa ya shule, herufi M haibonyezeki.
Spindeli inavutwa na mota ya mashine ya kufulia.
Ngamiani, barabara ya kumi na nane, wakacheka:
"Mwanamkuu anataka kufua vyuma."

Nilifua. Kukereza laini ilikubali wiki ya kwanza:
bushi, pini, ringi za toroli.
Kasi naipanga kwa kitufe, mia tatu, mia saba,
mkono wa pili umeshika chai.

Hesi ndiyo iliyonitoa jasho.

Alikuja Mbwego, fundi baiskeli wa Chumbageni,
na ekseli ya pedali ya kushoto,
ile inayofungwa kinyume, kila mtoto wa Tanga anaijua
tangu siku aliyoikaza akidhani anailegeza.
"Ishirini. Kama hii. Za dukani haziioni Idi."

Pito la kwanza: mstari mwembamba, kama wino.
La pili likaingia humo humo.
La tatu kisu kikauma,
spindeli ikashusha pumzi, mia mbili ikawa mia na themanini,
na kigari hakina habari.
Kikaendelea na hesabu yake ya zamani,
kikapanda kuta za mfereji wake chenyewe.
Nikafungua chaki, nikashika
gunzi lililotafunwa na panya.

Ekseli tatu. Nne.
Na saa tano ndiyo mbaya zaidi:
ukuta wa pili Bi Nuru anawasha mashine ya kusaga
na umeme wa mtaa mzima unapiga magoti.

Nikabadili puli. Nikakaza mkanda mpaka ukalia.
Nilitaka mia mbili iwe mia mbili, kama neno la hakimu.
"Nunua mota kubwa," akasema Shekiondo.
Kwa fedha za nani?

Alhamisi jioni, uani, mama na binti wanatwanga kisamvu,
michi miwili, kinu kimoja.
Mama akachoka, mchi wake ukachelewa.
Binti hakumwambia kaza.
Aliuacha wake hewani kidogo,
akaushusha mama alipoupandisha.
Mchi haukugonga mchi. Hakuna aliyehesabu.

Nikaacha wali unapoa.

Spindeli ilikuwa na tundu moja la kusomwa:
mzunguko mmoja, habari moja, kisha giza.
Nikakata kopo la maziwa, duara,
nikalichonga meno sitini kwa tupa,
na moja refu, liseme: hapa ndipo tunapoanzia.
Shekiondo akaandika amri upya, bila M, akitukana taratibu.
Sasa kigari hakiangalii saa.
Kinaitazama spindeli.
Ikichoka, kinachoka nayo.

Bi Nuru akawasha. Taa ikawa ya njano.
Nikaisikia mota ikishuka
kama mtu anayepanda ngazi na ndoo mbili.
Pito la tatu. La nne. Mafuta yanafuka,
chuma kinatoa nywele za buluu.
La saba.

Nikachukua krenki kuukuu, nikazungusha kinyume.
Ikaingia kwa vidole viwili.

Mbwego alilipia kumi na mbili. Nane ni deni mpaka leo.
Baiskeli zinapita hapa mlangoni,
sijui zipi zinakanyaga kazi yangu.
Zile gia bado ziko dirishani.
Kuna siku mkono wangu unanyooka wenyewe
kuutafuta usukani ambao haupo.